Staro Selo ya Sirogojno: Nyumba Zilizohama na Magogo Yao

Historia ya Staro Selo, makumbusho ya wazi ya Sirogojno kwenye milima ya Zlatibor, magharibi mwa Serbia, haiandikiki bila kujibu shutuma moja ya zamani: kwamba hiki si kijiji, ni nyumba zilizong'olewa kwao. Jibu limo katika magogo yenyewe. Brvnara, nyumba ya mbao ya Zlatibor, haikushikizwa kwa saruji. Magogo yalichongwa ncha yakapachikana kwenye pembe, na kilichopachikwa hupachuliwa. Kwa hiyo msanifu majengo Ranko Findrik na wenzake, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hawakuzitenda nyumba hizo jambo geni. Waliziokoa zisiozee vijijini wakati vijana wakikimbilia mijini. Na waliona mbali (hapa sifa si ya kubania). Walizipanga kama makazi ya zadruga, ukoo unaoishi na kula pamoja: nyumba kubwa yenye moto wa wazi katikati, moshi ukijipandia hadi paa la vigae vya mbao, kuizunguka, chumba cha maziwa, ghala, na vajat, vijumba visivyo na moto walimolala wanandoa wa ukoo. Usiku kila wawili na mlango wao, mchana chungu kimoja. Vajat iliyobaki peke yake shambani ingedhaniwa stoo tu. Ua mzima ndio unaoieleza.

Wengine hulaumu biashara. Lakini biashara ilitangulia makumbusho: tangu miaka ya 1960, Dobrila Vasiljević Smiljanić aliwakusanya wanawake wa vijiji hivi kufuma sweta za sufu, zikavaliwa ng'ambo na watu wasioweza kutamka Sirogojno. Jina lilikwisha kusafiri kabla ya gogo la kwanza kuhamishwa, na wafumaji hao wanastahili shukrani zaidi kuliko wanayopewa kwa kawaida.

Yaliyofuata ni mafupi. Mwaka 1992 makumbusho yakawa taasisi inayojitegemea, katika miaka ya vikwazo vya kimataifa dhidi ya nchi hiyo, miaka ambayo, tuseme, haikuwa ya wageni wengi. Kisha warsha za ufundi, mkahawa, vajat za kulaza wageni, jumba la wafumaji. Siku hizi watalii huunganisha ziara na Drvengrad, kijiji alichojenga Emir Kusturica huko Mokra Gora kwa ajili ya filamu. Sirogojno haikungoja kamera. Na anayedai kitu ambacho hakijawahi kuhamishwa, kanisa la Petro na Paulo liko hapo jirani, palepale tangu 1764.