Burundi: Barabara kuu mpya au reli ya kisasa?

Burundi haina bandari ya bahari. Sehemu kubwa ya bidhaa inazoagiza hupitia bandari ya Dar es Salaam, na safari ya lori hadi Bujumbura ni zaidi ya kilomita 1,500. Kwa sababu hiyo nauli ya usafirishaji ni sehemu kubwa ya bei ya saruji, mbolea, mabati na chumvi katika masoko ya Gitega na Muyinga. Swali la kuwekeza kwenye barabara kuu mpya au kwenye reli ya kisasa linamgusa kila anayenunua na kuuza.

Kwa ufupi, reli ina faida kwa mizigo mizito ya safari ndefu, na barabara za njia nne ni ghali mno kwa nchi ya vilima yenye magari machache. Hata hivyo, reli isiyounganishwa na barabara nzuri za ndani itamnufaisha mchimbaji wa madini kuliko mfanyabiashara wa kawaida.

NJIA ZILIZOPO

Njia kuu ya barabara ni ile ya Ushoroba wa Kati. Hutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama hadi Nyakanazi, kisha mpaka wa Kabanga na Kobero, na kuingia Muyinga. Mwaka 2006 Burundi, Tanzania, Rwanda, Uganda na Kongo zilitia saini mkataba wa kuanzisha wakala wa kurahisisha usafiri katika ushoroba huo, wenye makao yake Dar es Salaam.

Njia ya pili ni ya reli na ziwa. Wajerumani walijenga reli ya kati hadi Kigoma, na ilifika huko mwaka 1914. Mwaka 1921 Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana Wabelgiji wapewe maeneo maalumu ya mizigo katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, kwa ajili ya Kongo na Ruanda-Urundi. Mizigo ilishushwa Kigoma na kupakiwa melini hadi Bujumbura. Njia hiyo bado ipo, lakini reli yake ina upana wa mita moja tu na mzigo hupakiwa na kushushwa mara nyingi.

RELI YA KISASA IMEFIKIA WAPI

Tanzania ilianza kujenga reli ya SGR mwaka 2017. Treni za abiria zilianza kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma Julai 2024. Huduma ya mizigo hadi Dodoma ilizinduliwa Julai 2025, pamoja na bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani, ambako Burundi imetengewa eneo.

Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Tawi la Burundi linaanzia Uvinza kwenda Musongati, lina urefu wa kilomita 282, na mkataba wake wa dola bilioni 2.15 ulitiwa saini Januari 2025. Jiwe la msingi liliwekwa Musongati Agosti 2025. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mwaka 2023 fedha za awamu hii, mkopo kwa Tanzania na msaada kwa Burundi. Mpango ni kwamba reli iendelee baadaye hadi Gitega na kuelekea Kongo.

Mfanyabiashara azingatie kwamba reli ni kama mnyororo. Hata Musongati ikikamilika mapema, treni haitafika huko kabla ya vipande vya kutoka Dodoma hadi Tabora na Uvinza kukamilika.

Aidha, jina la treni ya mwendo kasi lisimpotoshe msafirishaji. Duniani reli mpya huhesabiwa ya mwendo kasi kuanzia kilomita 250 kwa saa. Reli ya Tanzania imejengwa kwa kilomita 160 kwa saa kwa abiria na 120 kwa mizigo. Kwa kontena la mbolea hiyo inatosha kabisa. Siku zinazopotea ni zile za kusubiri bandarini, kwenye mizani na mpakani, na mwendo wa treni pekee hauziondoi.

KWA NINI MZIGO MZITO UPANDE RELI

Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu lori na mzigo wake visizidi tani 56. Treni moja ya mabehewa 40, kila behewa na kontena moja, huondoa malori 40 barabarani. Treni hiyo huenda kwa umeme, jambo lenye uzito kwa nchi iliyopata uhaba mkubwa wa mafuta katika miaka ya 2020. Lakini umeme nao lazima uwepo. Mtambo wa Rusumo una megawati 80 tu, zinazogawanywa kwa Burundi, Rwanda na Tanzania.

Sababu kubwa zaidi ni mzigo wa kurudi. Burundi huagiza bidhaa nyingi nzito na huuza nje kahawa na chai, ambazo hazijazi malori yote. Lori likirudi Dar es Salaam tupu, mwenye mzigo wa kupanda ndiye anayelipia safari mbili. Musongati ina nikeli. Madini yakianza kushuka kwa treni, mabehewa yatatafuta mzigo wa kupanda, na hapo ndipo mwagizaji wa saruji anaweza kudai nauli nafuu.

BARABARA ZA NJIA NNE

Uganda ilifungua barabara ya Kampala hadi Entebbe, kilomita 51, mwaka 2018 na kuanza kutoza ada mwaka 2022. Mwaka huo huo Kenya ilifungua barabara ya kulipia ya Nairobi, kilomita 27. Zote mbili zinategemea wingi wa magari ya mji mkubwa ili fedha zirudi. Kati ya Gitega na Muyinga hakuna magari ya kiasi hicho, na ada ingeongezwa kwenye nauli. Barabara zilizopo zikitunzwa, mifereji ikizibuliwa na kona kali zikipanuliwa, faida itapatikana kwa fedha kidogo.

FUNZO KUTOKA KENYA

Reli ya Mombasa hadi Nairobi ilianza mwaka 2017. Ili treni zipate mzigo wa kulipia mkopo, serikali iliamuru makontena yapelekwe bandari kavu za bara kwa reli. Waagizaji walilalamikia gharama ya kutoa mzigo stesheni hadi ghalani, na miji iliyotegemea malori ikapoteza kazi. Septemba 2022 rais mpya, William Ruto, alirudisha Mombasa shughuli za kutoa mizigo. Reli nzuri huvuta mzigo kwa bei, haihitaji amri.

GISHUBI MBILI

Gishubi ya Gitega iko kusini mwa mji wa Gitega, na jina hilo linapatikana pia upande wa Muyinga, eneo ambalo tangu mwaka 2025 liko katika mkoa mpya wa Buhumuza. Majina yanafanana lakini majibu yanatofautiana.

Kwa Gishubi ya Gitega, reli ya Musongati italeta mzigo karibu kuliko Kobero. Lakini mbolea ikishushwa stesheni bado itahitaji lori, na kutoka sentani hadi kilimani itabebwa kwa baiskeli au kichwani. Barabara ya Musongati hadi Gitega na barabara za vijijini ndizo zitakazoamua kama nafuu ya reli itamfikia mkulima.

Kwa Gishubi ya Muyinga, Kobero itabaki mlango wa karibu. Hatari yake ni kwamba mizigo ya Gitega na Bujumbura ikihamia reli, mawakala wa forodha, madereva na wenye nyumba za wageni wa Kobero watapungukiwa na kazi. Ni vizuri wajiandae mapema kuhudumia mizigo midogo na biashara ya vyakula na Ngara na Kahama, ambayo treni haiwezi kuichukua.

MAMBO YA KUANGALIA

- Nauli ilinganishwe kutoka bandarini hadi ghalani, si kutoka stesheni hadi stesheni.
- Ratiba ya Musongati isomwe pamoja na ile ya Tabora na Uvinza.
- Anayetaka kununua malori mapya afikirie safari fupi za kutoka stesheni, si za Dar es Salaam pekee.
- Vyama vya wafanyabiashara vidai mapema maghala, krini na ofisi ya forodha Musongati, ili stesheni isijengwe kwa ajili ya madini peke yake.