Gitaa la Kilifi: Kutoka Jeshini Hadi Kwenye Santuri

Miaka mingi kabla ya uhuru, Kilifi ilikuwa imeshaipatia Kenya mmoja wa nyota wake wa kwanza wa gitaa. Fundi Konde alizaliwa Mwabayanyundo mwaka 1924, katika nchi ya Mijikenda iliyojaa ngoma.

Gitaa lilikuwa mgeni wa bandarini, na santuri zilikuja nalo. Kuanzia 1933, kampuni ya HMV iliuza barani Afrika santuri za GV zilizobeba muziki wa Kuba. Ndiyo maana mdundo wa rumba haukuwa mgeni Pwani wapigaji wenyewe walipoanza kurekodiwa.

Vita Kuu ya Pili ikaongeza lake. Konde aliingia kikosi cha burudani cha jeshi la Waingereza, akavuka bahari kuwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa India, Ceylon na Burma. Huko vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika walipiga bendi moja, na Kiswahili kikawa lugha ya nyimbo zao.

Amani iliporudi, Konde alirekodi Nairobi chini ya Peter Colmore, mfanyabiashara Mwingereza. Miaka ya 1950 akawa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. "Tausi" na "Majengo Siendi Tena" zikavuma. Pwani hiyohiyo ikatoa pia Paul Mwachupa na Lucas Tututu.

Colmore alijua pia kwamba gitaa huuza bidhaa. Aliwaleta Nairobi Edouard Masengo na Mwenda Jean Bosco kutoka Katanga, wakatangaza soda na dawa ya maumivu. Mississippi nako mambo yalikuwa hivyohivyo. Charley Patton, mpiga bluzi wa shamba la pamba la Dockery, alirekodiwa mwaka 1929 na Paramount, kampuni iliyomilikiwa na kiwanda cha viti. Kiwanda hicho kilitengeneza pia makabati ya gramafoni, na makabati yalihitaji santuri ili yanunuliwe.

Rekodi za Konde za 1947 hadi 1956 zilikusanywa na kutolewa upya katika miaka ya 1990. Alifariki mwaka 2000. Kumbukumbu yake imesalia kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeona faida katika kumrekodi. Kwa hiyo anayeandika historia ya gitaa kwa kutegemea santuri pekee anaandika historia ya soko. Wapigaji waliobaki vijijini, kuanzia Kibarani hadi Malindi, hapatikani hata mmoja humo. Wa kuulizwa ni wazee waliocheza nyimbo zao.