Ngo Ngo Ngo! Mji Uliochoka Kugongewa na Wauzaji Mpaka Ukatunga Sheria

Mwaka 1931, Green River, mji mdogo kwenye jimbo la Wyoming huko Marekani. Ni mji wa reli. Treni zinapita mchana na usiku, kwa hiyo wafanyakazi wa reli nao wanaingia kwa zamu. Mtu anatoka kazini asubuhi kachoka, anaoga, anajitupa kitandani. Usingizi haujakolea, ngo ngo ngo! Mlangoni kasimama jamaa kapiga suti, sanduku mkononi, tabasamu mpaka masikioni. Anauza brashi. Huyo hajafika mbali, anakuja mwingine na majarida.

Uvumilivu ukawashinda wakazi. Mwaka huohuo mji ukapitisha sheria: muuzaji wa kutembeza bidhaa haruhusiwi kwenda kwenye nyumba ya mtu bila kuitwa na anayeishi humo. Ukienda bila kuitwa, umefanya kosa na unashtakiwa.

Miji mingine ikaiga, na mpaka leo Wamarekani wanaziita sheria za namna hiyo "sheria za Green River". Ila usidhani hii ni stori ya usingizi tu. Ni mvutano wa zaidi ya miaka 100 kati ya anayegonga na aliye ndani. Ukiufuatilia vizuri unajua kabisa cha kufanya mtu usiyemjua akigonga kwako.

Aliyekuwa anagonga ni nani?

Jina kubwa kwenye mchezo huu lilikuwa Alfred Fuller, kijana aliyetoka Nova Scotia, Canada, akaenda kutafuta maisha Marekani. Mwaka 1906 akaanzisha kampuni ya brashi iliyokua pale Hartford, Connecticut. Brashi za kusugulia sakafu, za nywele, za chupa, kila aina. Hakutegemea maduka. Mzigo uliuzwa na vijana wanaotembea nyumba kwa nyumba, na malipo yao ni kamisheni. Hujauza, hujala.

Sasa ukimwambia mtu hujauza hujala, lazima atafute mbinu. Vijana wa Fuller walifundishwa kwamba ukishagonga, rudi nyuma hatua moja, ili mama anayefungua mlango asiogope. Halafu kabla hata hujataja bei, mpe zawadi, kibrashi kidogo cha bure.

Unaona kama ukarimu eeh? Mtu akishapokea cha bure anaona aibu kumfungia mlango aliyempa. Mtaalamu wa saikolojia Robert Cialdini aliandika kitabu mwaka 1984 akaeleza jambo hilihili: binadamu akipewa kitu anajiona ana deni, hata kama hakukiomba.

Uchumi ulipoporomoka kuanzia mwaka 1929, hali ikawa mbaya zaidi. Kufikia 1933, karibu mtu mmoja kati ya wanne waliokuwa kwenye soko la ajira Marekani hakuwa na kazi. Kazi ya kuuza mlangoni haikutaka cheti, ilitaka miguu na mdomo. Wanaume wengi waliofukuzwa viwandani wakabeba masanduku. Na hapa tuwe wa kweli, wengi wao hawakuwa matapeli. Walikuwa baba za watu wanatafuta ugali. Tatizo ni kwamba aliye ndani hakuwa na namna ya kumtofautisha mtafutaji na mwizi. Wote wanagonga sawa, wote wanatabasamu sawa.

Wasanii nao hawakulala. Mwaka 1948 ikatoka filamu ya vichekesho The Fuller Brush Man, staa akiwa Red Skelton. Mwaka 1950 likaja toleo la kike na Lucille Ball. Hata ile katuni ya Disney ya nguruwe watatu ya mwaka 1933 ina mlango ndani yake: mbwa mwitu anataka kuingia nyumba ya matofali, anajifanya mchuuzi. Sura aliyovaa mwanzo ilikuwa ya kuwakejeli Wayahudi, watu wakalalamika, na mwaka 1948 kipande hicho kikachorwa upya. Unajua alibadilishwa kuwa nani? Muuza brashi wa Fuller. Yaani mtoto wa Marekani aliyekaa kuangalia katuni alielewa bila kuambiwa: anayetaka kukula haji na meno nje, anakuja na sanduku la sampuli.

Cha kuchekesha, Fuller mwenyewe alipotoa kitabu cha maisha yake mwaka 1960 alikiita A Foot in the Door. Maana yake mguu mlangoni. Hakuficha.

Mahakamani kukawaka

Kampuni ya Fuller haikukubali sheria ya Green River. Wakaenda mahakamani. Mwanzo walishinda, lakini mwaka 1933 mahakama ya rufaa ikageuza hukumu na mji ukashinda. Mwaka 1951 suala likafika Mahakama ya Juu ya Marekani kupitia kesi nyingine, ya jamaa aliyekamatwa Alexandria, Louisiana, akiuza usajili wa majarida nyumba kwa nyumba. Naye akashindwa. Wapo waliosema sheria hizi zinawalinda wenye maduka ya mjini wasipate ushindani kutoka nje, na hata baadhi ya majaji hawakukubaliana na uamuzi ule.

Lakini kuna upande wa pili. Mwaka 1943, mji wa Struthers, Ohio, ulikuwa umepiga marufuku mtu yeyote kugonga milango kugawa vipeperushi. Nako kulikuwa na wafanyakazi wengi wa usiku wanaolala mchana. Mama mmoja wa Mashahidi wa Yehova akatozwa faini kwa kugawa tangazo la mkutano wa dini. Mahakama ya Juu ikamtetea. Mwaka 2002 ikatoka hukumu inayofanana kuhusu kijiji cha Stratton, hukohuko Ohio, kilichotaka watu wa dini wachukue kibali kabla ya kugonga.

Utasema mbona mahakama inajichanganya? Kwenye biashara iliibana, kwenye imani na maoni ikalegeza. Ila kuna kitu hakikubadilika kwenye kesi zote hizo. Mwenye neno la mwisho ni aliye ndani. Kwenye hukumu ya Struthers majaji walisema wazi kwamba uamuzi wa kumpokea mgeni au kumkataa ni wa mwenye nyumba, na mji unaweza kumwadhibu anayegonga wakati mwenye nyumba ameshasema hataki. Ukishasema hapana, ni hapana.

Kwa nini hapana inakuwa ngumu?

Mwaka 1966 watafiti wawili, Jonathan Freedman na Scott Fraser, walichapisha jaribio walilofanya Palo Alto, California. Waliwapigia simu akina mama wa nyumbani. Kundi moja liliulizwa maswali machache mepesi kuhusu sabuni wanazotumia. Siku tatu baadaye wakapigiwa tena na kuombwa jambo zito: waruhusu wanaume watano au sita waingie ndani kwa saa mbili, wafungue makabati na kuorodhesha kila bidhaa iliyomo.

Waliojibu yale maswali mepesi mwanzoni, zaidi ya nusu walikubali. Walioombwa moja kwa moja bila kutayarishwa, waliokubali walikuwa kama asilimia 22 tu. Fikiria hapo. Maswali ya sabuni kwenye simu yalitosha kumfanya mtu akubali kufungulia wanaume sita asiowajua.

Ndiyo maana muuzaji mjanja haanzi na bidhaa. Anaanza na "samahani, naomba maji ya kunywa", au "dada, dakika moja tu, maswali mawili". Ukishatoa ndiyo ndogo, ndiyo kubwa inateleza yenyewe.

Wakaja na dawa ya pili: muda

Mlango peke yake haukutosha, kwa sababu watu walikuwa wanafungua, wanasaini, muuzaji akiondoka ndiyo akili inarudi. Uingereza ikaanza mwaka 1964: aliyesaini nyumbani kwake mkataba wa kununua kwa awamu akapewa siku chache za kujitoa. Marekani ikafuata na kanuni iliyoanza kutumika 1974, inayompa mnunuzi wa mlangoni siku tatu za kazi kufuta manunuzi ya kuanzia dola 25, na muuzaji lazima amwachie fomu ya kufutia. Jumuiya ya Ulaya ikaweka siku 7 mwaka 1985, na sasa ni siku 14. Hapa jirani, sheria ya Kenya ya kumlinda mlaji ya mwaka 2012 inamruhusu mtu aliyefanya makubaliano nje ya ofisi au duka la muuzaji kuyafuta ndani ya siku 10 tangu alipopokea nakala ya maandishi.

Unaona mfanano? Kote huko wametoa kitu kilekile ambacho muuzaji wa mlangoni hataki uwe nacho. Muda. Ofa yake inaisha leo. Gari la mzigo linaondoka sasa hivi. Jirani yako kashachukua mbili. Wazee wetu walishamaliza: haraka haraka haina baraka.

Tuje kitaani

Waswahili hatukuhitaji Mahakama ya Juu kutufundisha heshima ya mlango. Mgeni anapiga hodi. Akipiga mara tatu kimya, anaondoka, hajengi kibanda barazani. Na neno "karibu" linatoka ndani, halitoki nje. Shida ya mjini ni kwamba tunaona aibu kutosema karibu. Tunaogopa kuonekana tuna roho mbaya.

Na bidhaa zenyewe zimebadilika. Zamani aliyekuja nyumbani alitaka hela yako. Leo anaweza kutaka kidole chako. Tangu Tanzania ilipoanza kusajili laini za simu kwa alama za vidole mwaka 2019, mawakala wanazunguka mitaani. Wengi wanafanya kazi halali. Lakini asiye mwaminifu akipata namba yako ya NIDA na kidole, anaweza kusajili laini nyingine kwa jina lako, na laini hiyo ikifanya utapeli, wa kwanza kutafutwa ni wewe. Ukitaka kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#.

Kwa hiyo mtu asiyetarajiwa akigonga, historia yote hiyo inashuka kwenye mambo haya:

1. Ongea kabla ya kufungua. Dirishani, kwenye grili au geti likiwa na komeo. Kuuliza "nani, unatokea wapi?" siyo dharau.

2. Usitangaze kwamba uko peke yako. "Baba hayupo, nimebaki na watoto" ni taarifa ya bure kwa mtu usiyemjua.

3. Maji ya kunywa mpe, lakini yapite dirishani au kwenye grili. Asiingie ndani kuyafuata, na wewe usimwache mlango wazi ukaenda jikoni.

4. Akisema ametoka kampuni ya umeme au maji, piga simu ofisini kwao kwa namba iliyopo kwenye bili yako, siyo namba anayokupa yeye. Uingereza baadhi ya kampuni hizo huweka neno la siri na wateja wazee, mfanyakazi asipolitaja hafunguliwi. Hata nyumbani kwenu mnaweza kuwa na lenu.

5. Kitambulisho, namba ya siri na kidole havitolewi mlangoni. Kama ni usajili, nenda dukani kwao.

6. Usilipe siku hiyohiyo kitu ambacho hukukipanga. Mwambie arudi kesho, chukua namba yake na jina la kampuni. Mkweli atarudi. Kama Marekani sheria inatoa siku tatu, wewe jipe hata usiku mmoja.

7. Akikataa kuondoka, usibishane. Funga, paza sauti, piga simu kwa jirani au mjumbe, na kama anatishia piga polisi 112.

La mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Mfundishe hayo yote dada wa kazi, bibi na watoto wa shule, kwa sababu saa nne asubuhi wewe upo kazini na wanaogongewa ni wao. Mwambie dada kabisa kwamba akimwacha mtu nje hatagombezwa. Wengi wanafungua kwa sababu wanaogopa lawama kuliko wanavyomwogopa mgeni.

Na ukimkataa muuzaji, mkatae kwa adabu. Yule kijana wa ndoo na mashuka katembea juani tangu asubuhi, hakukosea kutafuta riziki. "Asante kaka, leo hapana, kazi njema" inatosha. Haihitaji maelezo, maana ukianza kujieleza ndipo anapopata pa kuingilia.

Kwenu mlango unafunguliwa na nani mchana? Na anajua la kusema? Dondosha komenti yako hapo chini.