Lilinga: Ngome Iliyohamia Mlimani

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Mbeya, akiisha kuupanda mlima wa Kitonga na kupita Ilula, hufika Ipogolo. Hapo huiacha njia kuu na kukwea hadi Iringa mjini, juu ya kilima kiutazamacho Mto Ruaha Mdogo. Jina la mji latokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Si ajabu, basi, mgeni akidhani kwamba amesimama penye ngome ya Mkwawa. Lakini ngome hiyo haikuwa hapo. Ilikuwa Kalenga, yapata kilometa 15 kutoka mjini, karibu na mto.

Ukuta wa mawe wa Kalenga ulijengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1880 kwa amri ya Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba. Kielelezo chake kilikuwa ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, huko Tabora. Kwa Wahehe hili lilikuwa jambo geni, kwani nguvu yao ilikuwa katika mwendo wa haraka, mkuki na shambulio la ghafla. Ndivyo walivyoshinda Lugalo tarehe 17 Agosti 1891: kikosi cha Emil von Zelewski kilivamiwa njiani kabla hakijajipanga, naye mwenyewe akauawa. Ukuta haukuchangia lolote katika ushindi huo.

Mwezi Januari 1893 ngome ya Isike ilivunjwa na kikosi cha Tom Prince, na Isike akajilipua kwa baruti asikamatwe. Prince huyo huyo alikuwamo katika jeshi la Gavana Friedrich von Schele lililoiteka Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Kwa maoni yangu, ukuta uliwapa Wajerumani kitu walichokikosa Lugalo, yaani shabaha isiyohama. Mkwawa alipoukosa ukuta ndipo alipokuwa mgumu kupatikana. Aliwasumbua kwa karibu miaka minne zaidi, mpaka alipojiua tarehe 19 Julai 1898.

Turudi kwenye jina. Mwaka 1896 Prince alianzisha kituo chake cha kijeshi juu ya kilima, na Wajerumani wakakiita Iringa Mpya. Kalenga ikawa Iringa ya Kale. Kiambishi cha ngeli kilipungua, l ikageuka r katika maandishi ya wageni, na neno lililokuwa nomino ya kawaida likawa jina la mji mmoja tu. Msomaji wa Kavumu au Bukavu atalinganisha na ya kwao: Wabelgiji waliufuta mji wa Bukavu ramanini mwaka 1927, wakauita Costermansville, na jina la asili likarejea katika miaka ya 1950. Jina la kigeni hujulikana kuwa la kigeni, na hivyo huondolewa. Iringa hakuna aliyeona haja ya kuondoa chochote, maana jina ni la Kihehe. Kilichobadilika ni mahali linapopaonyesha. Huo nauona kuwa unyang'anyi wa kimyakimya zaidi.

Kituo kipya hakikuwa na subira hata na wale waliokubali kushirikiana nacho. Mpangile, nduguye Mkwawa, alitawazwa na Wajerumani Desemba 1896. Februari 1897 wakamnyonga.

Kalenga ilirudi vinywani mwa watu kwa njia isiyotazamiwa. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa katika muda wa miezi sita. Ilichukua miaka 35. Gavana Edward Twining alilichagua fuvu moja katika jumba la makumbusho la Bremen, akitegemea zaidi vipimo vya kichwa, na uhakika wake umekuwa ukijadiliwa tangu hapo. Mwezi Juni 1954 alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania. Halikupelekwa mjini kilimani. Lilipelekwa Kalenga, na limehifadhiwa huko katika jumba dogo la makumbusho, ilhali kiwiliwili kimezikwa Mlambalasi. Mjini, jengo la Kijerumani liitwalo Boma nalo lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016, na wasafiri wengi huishia hapo.