Olorgesailie (Oltepesi, Kaunti ya Kajiado)

Olorgesailie ni eneo la historia ya kale karibu na kituo cha biashara cha Oltepesi, katika kaunti ndogo ya Kajiado Magharibi nchini Kenya. Liko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, chini ya mlima wa volkeno iliyozimika wenye jina hilohilo, kando ya barabara ya Nairobi kwenda Magadi, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka jijini. Linajulikana ulimwenguni kwa wingi wa mashoka ya mawe yaliyotengenezwa na viumbe waliotangulia binadamu wa leo. Eneo linasimamiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Lilifunguliwa kwa wageni mwaka 1947, na tangu 2010 limo katika orodha ya awali ya maeneo ambayo Kenya inayapendekeza kuwa Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Msafiri wa likizo aliyezoea magofu atashangaa kidogo akifika. Mombasa kuna Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593. Gede kuna misikiti na kasri. Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, kuna kuta za mawe zilizopangwa bila saruji wala chokaa. Wafaransa nao wana bonde la Mto Loire, ambako watu hutembea kutoka kasri hadi kasri likizo nzima. Olorgesailie haina ukuta hata mmoja. Cha kutazamwa kiko chini ya miguu, na asiyeelezwa anachokiona anaweza kumaliza ziara nzima akidhani ameonyeshwa kokoto.

Safari na mandhari

Barabara hutoka Nairobi kupitia Ongata Rongai na Kiserian, ikapanda ubavuni mwa Milima ya Ngong hadi Kona Baridi. Hapo jina linajieleza, maana upepo ni mkali na wengi huvaa sweta. Kisha lami huanza kuteremka ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikiwa ni ufa mmoja wa bonde, na joto huongezeka kadiri mtu anavyoshuka. Mashamba na nyumba za kupanga hubaki juu. Chini ni migunga, mawe meusi, mbuzi na maboma ya Wamaasai. Oltepesi iko katika nchi hiyo ya chini, ambako mvua ni haba na mifugo ndiyo mali.

Ziwa lililokwisha

Palipo vumbi leo palikuwa na ziwa. Udongo mweupe unaong'aa kwenye makorongo ya Olorgesailie ni mabaki ya daiatomu, viumbe vidogo vya majini ambavyo maganda yake yalituama chini ya maji kizazi baada ya kizazi. Ziwa hilo halikuwa na adabu ya maziwa: lilipanuka, likanywea, likakauka, likarudi tena. Volkeno za jirani zililimwagia jivu mara nyingi. Matabaka yaliyo na mashoka yana umri wa kuanzia miaka milioni 1.2 hadi takribani 490,000 iliyopita. Baadaye ardhi ilipasuka na kuinama, maji yakapata pa kutokea, na Mto Ol Keju Nyiro pamoja na vijito vyake ukaanza kuyakata matabaka hayo na kuyaweka wazi.

Jivu la volkeno ndilo lililowapa wataalamu kalenda. Ndani yake mna chembe za madini zenye potasiamu, ambayo sehemu yake hugeuka kuwa gesi ya agoni kwa mwendo usiobadilika. Ukipima gesi iliyokusanyika, unajua volkeno ililipuka lini; na shoka lililolala kati ya matabaka mawili ya jivu lina umri ulio kati ya milipuko hiyo miwili.

Wachimbaji

Mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory, ambaye ndiye aliyelipa Bonde la Ufa sifa yake katika vitabu vya jiolojia, aliona zana za mawe hapa mwaka 1919. Hakuna kilichofuata kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1942 Mary na Louis Leakey walifika na kukuta uwanja uliotapakaa mashoka yaliyofichuliwa na mmomonyoko. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vikiendelea, na sehemu ya kazi ya kuchimba ilifanywa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano. Uamuzi wa akina Leakey uliozaa matunda zaidi ulikuwa kutoyabeba mashoka yote kwenda Nairobi. Mengi yaliachwa palepale yalipokutwa, na hiyo ndiyo sababu Olorgesailie ni mahali pa kutembelewa na si namba tu kwenye droo za makumbusho.

Glynn Isaac, aliyezaliwa Afrika Kusini, alichimba hapa mapema miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake kuhusu eneo hili mwaka 1977. Tangu 1985 utafiti umeendeshwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kwa ushirikiano na Taasisi ya Smithsonian ya Marekani, chini ya Rick Potts.

Mashoka

Njia ya wageni hupita juu ya daraja la mbao lililoinuliwa kutoka ardhini. Chini yake mashoka yamelala mamia kwa mamia, ya rangi ya kijivu na kahawia, yamebanana hadi mtu hujiuliza kama yalimwagwa kwa toroli. Sehemu nyingine za uchimbaji zimejengewa vibanda vyenye paa ili mvua isiziharibu.

Shoka lenyewe halikuwa na mpini. Lina umbo la chozi: ncha upande mmoja, kitako kinene cha kushikia upande mwingine, na makali yanayozunguka pembeni. Fundi alianza kwa kulipiga jiwe kubwa la lava ya mlimani hadi libanduke bapa lenye ukubwa wa kiganja au zaidi. Kisha aliligeuzageuza, akilipasua vipande vidogo upande huu na upande ule hadi pande mbili zilingane. Ukichuchumaa karibu na mojawapo utaona alama za mapigo hayo, vijishimo vifupi vinavyofuatana ukingoni, na utaona pia kwamba baadhi ya mashoka ni makubwa kupita kiasi, yasiyobebeka kwa mkono mmoja bila kuchoka. Kwa nini mtu atengeneze zana asiyoweza kuitumia kwa raha, hilo bado linabishaniwa.

Linabishaniwa pia jinsi mashoka yalivyorundikana. Maelezo ya mwanzo yalisema hapa palikuwa kambi, ambapo watu walichinja wanyama na kuacha zana zao. Isaac aliona kwamba maji yanayopita yanaweza kuyasomba mawe mazito na kuyakusanya mahali pamoja, kwa hiyo rundo si lazima liwe kambi. Ubishi huohuo unahusu mifupa ya nyani wakubwa, jamaa wa gelada wanaoishi Ethiopia leo, iliyokutwa katika sehemu moja ikiwa ya makumi ya wanyama pamoja na mashoka. Mwaka 1981 Pat Shipman na wenzake walitoa hoja kwamba nyani hao waliuawa na kuchinjwa na binadamu wa kale, lakini wengine hawakukubali. Kwa tembo ushahidi una nguvu zaidi. Katika tabaka lenye umri wa takribani miaka 990,000 kulikutwa mabaki ya tembo wa jamii iliyotoweka, Elephas recki, yakizungukwa na vipande vya mawe vyenye makali.

Kinachostahili kumshangaza mgeni zaidi ya umri wa zana hizi ni kutobadilika kwake. Kwa takribani miaka 700,000 ziwa lilikuja na kuondoka, volkeno zililipuka, wanyama walihama, na fundi akaendelea kutengeneza shoka lilelile. Historia nzima ya miji ya Waswahili, kutoka vijiji vya kwanza vya wavuvi hadi leo, ingeingia humo zaidi ya mara mia nne. Mashoka ya namna hii yako pia Isimila, karibu na Iringa nchini Tanzania, na Kariandusi karibu na Gilgil, na aliyeyaona huko hatapata shida kuyatambua hapa.

Watengenezaji

Mafundi hao wenyewe hawakuonekana kwa muda mrefu. Maelfu ya zana yalichimbwa bila mfupa wa binadamu, hadi mwaka 2003 zilipopatikana sehemu za fuvu moja: mfupa wa paji la uso wenye ukingo wa nyusi, na kipande cha ubavu wa kichwa. Kisukuku hicho, chenye namba KNM-OL 45500, kilitangazwa 2004. Kina umri wa kati ya miaka 900,000 na 970,000, na ni cha mtu mzima aliyekuwa na kichwa kidogo kuliko ilivyotarajiwa kwa jamaa zake wa Homo erectus, aina ya binadamu wa kale. Huenda mifupa yao ni adimu kwa sababu hawakulala kando ya ziwa, wakapendelea kupanda mlimani usiku, mbali na simba na fisi. Potts amewahi kuieleza hali hiyo hivyo.

Baada ya mashoka

Hapa ndipo Olorgesailie ilipojipatia sifa mpya. Mwaka 2018 watafiti, miongoni mwao Alison Brooks, Potts na Alan Deino, walieleza zana za miaka 320,000 hadi 305,000 iliyopita zilizokutwa katika bonde hilihili. Shoka kubwa limetoweka. Mahali pake pana vipande vidogo vyenye ncha, vilivyochongwa kwa uangalifu, baadhi vikifaa kufungwa kwenye fimbo. Baadhi yake ni vya obsidiani, kioo cheusi cha volkeno, ambacho hakipatikani karibu: kilitoka umbali wa kilomita 25 na kuendelea, kingine hadi 95. Mtu hatembei kilomita 95 kuchukua jiwe katika nchi ya wengine bila kuwa na uhusiano fulani na wenyeji, na hivyo wachimbaji walisema wameona dalili za mapema za kubadilishana vitu baina ya makundi. Palikuwa pia na madini meusi na mekundu ya kupakia rangi. Kwa kuwa morani wa Kimaasai wa jirani hujipaka udongo mwekundu, wageni wengi huunganisha mambo hayo mawili papo hapo. Kati yake kuna miaka laki tatu. Afadhali yaachwe mbalimbali.

Kati ya shoka la mwisho na zana mpya kuna pengo la takribani miaka 180,000, kwa sababu mmomonyoko umeyafuta matabaka ya kipindi hicho. Ili kulijaza, mwaka 2012 timu ilitoboa ardhi katika uwanda wa Koora ulio jirani na kutoa nguzo ya udongo yenye urefu wa mita 139. Matokeo yake, yaliyochapishwa 2020, yanaonyesha kwamba tangu miaka 400,000 hivi iliyopita bonde lilikatwakatwa na nyufa kuwa mabeseni madogo, maji na malisho yakawa ya kubahatisha, na wanyama wakubwa wa majani wakawapisha walio wadogo. Mazingira ya namna hiyo humlazimu mtu kutembea mbali na kujuana na majirani.

Ni dosari ya ziara ya kawaida kwamba njia ya wageni huonyesha hasa upande wa mashoka. Nusu ya pili ya hadithi, ambayo kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo yenye uzito zaidi, mgeni lazima aiulize.

Kutembelea

Pana jumba dogo la maonyesho, mabanda ya kulala na uwanja wa kupiga hema. Ziara huongozwa na mfanyakazi wa makumbusho, na asubuhi ni bora, kwani kufikia saa sita jua huwa kali na kivuli hakuna. Maji ya kunywa yabebwe ya kutosha. Kuokota jiwe lolote ni kosa kisheria, hata dogo, na wala si suala la adhabu tu: shoka likiondolewa mahali pake haliwezi tena kupimwa umri. Wenye siku ya pili huendelea na barabara hadi Ziwa Magadi, ambako magadi yamekuwa yakichimbwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20 na flamingo hula kwenye maji ya chumvi pembezoni mwa kiwanda.