Nasaba ya Kuazima

Ukienda Majengo ya Nyeri kutafuta "Mswahili wa asili", utazunguka mpaka miguu iume. Huyu nyanyake alikuwa Mkikuyu, yule babu yake Mkamba, mwingine ukoo unaishia kwa mpagazi ambaye hakuna anayejua alitoka wapi. Kambi ya Waingereza ilipigwa Nyeri mwaka 1902, Meinertzhagen alipoishambulia Tetu, na nyuma ya jeshi wakaja wapishi, askari na wachuuzi. Wengine walikuwa Waislamu. Wengine walisilimu hapahapa.

Serikali ya kikoloni ilimpanga kila Mwafrika kwa kabila, na kila kabila kwa rizavu yake. Sasa mtu aliyebadili dini na jina unamweka wapi? Kijijini walimwona amepotea. Akishuka Pwani, ambako watu huhesabiana mababu, yeye ni mtu wa bara tu.

Mimi naona jibu lilikuwa kwa maulidi.

Hadithi ya kuzaliwa Mtume iliandikwa na Jaafar al-Barzanji wa Madina, karne ya 18. Ilipofika Lamu, Sayyid Mansab akaitia kwenye ushairi wa Kiswahili. Hapohapo Lamu, Habib Swaleh wa Msikiti wa Riyadha alieneza maulidi nyingine, ya al-Habshi, kwa matari na kasida, akafundisha hata watu wa asili ya utumwa ambao wakubwa wa mji hawakutaka kukaa nao. Kwa hivyo kabla haijapanda huku bara, hadithi hii ilikuwa tayari imezoea watu wasio na ukoo wa kujivunia.

Sikiliza Barzanji vizuri. Msomaji anaanza nasaba: fulani mwana wa fulani, baba juu ya baba, mpaka Adnan. Wanaosikiliza wamekaa mkekani na sweta zao (baridi ya Nyeri haina dini), na wengi wao hawawezi kutaja babu wa nne. Ile orodha inakuwa yao. Ikifika pale Mtume anapozaliwa, wote wanasimama pamoja, marashi yananyunyizwa, na hakuna anayeuliza nani alikuja na nani.

Wapo vijana wanaosema hii ni bidaa, Masahaba hawakuifanya. Ni hoja nzito, na mtu aliyeacha chuo kikuu katikati kama mimi hawezi kuwaamulia masheikh. Lakini kabla sinia za pilau hazijatoka, husomwa Fatiha, na marehemu wa mtaa wanatajwa mmoja mmoja: yule mkunga, yule fundi cherehani, yule mama aliyelea watoto wasio wake. Hayo majina sikuyakuta kwenye kitabu chochote cha historia shuleni.

Nimemuuliza rafiki yangu anayepinga maulidi, majina hayo yatasomwa wapi sasa. Akasema yaandikwe kwenye daftari. Wazo zuri. Daftari bado halijanunuliwa.