Nani Alituambia Tuvumilie?

Ukifanyiwa upasuaji huku kwetu, kuna neno utasikia mpaka ulichoke: "Vumilia." Ukiomba dawa yenye nguvu, mtu anakuuliza kama unataka kuwa teja. Hiyo hofu haikutoka hewani. Iko na historia, na wacha niwape kwa ufupi.

Twende Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1800. Mfamasia kijana, Friedrich Sertürner, alitoa morfini kwenye afyuni, akaipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki. Mpaka leo dawa zingine za aina hii hupimwa kwa morfini. Inatuliza kabisa na bei si kubwa, lakini ikizidi inakata pumzi, na ikitumiwa ovyo inaleta uraibu.

Basi watu wakaanza kusaka morfini isiyo na uraibu. 1898 Bayer wakauza heroini, ati dawa ya kikohozi! Mnajua ilivyoisha. Miaka ya 1930 ikielekea kuisha, ikaja pethidini. Hiyo huisha nguvu haraka, na ukidungwa mfululizo mabaki yake mwilini yanaweza kuleta degedege. 1977 tramadoli ikaingia sokoni. Ni hafifu kuliko morfini, na ini lazima iibadilishe ndio ishike vizuri, kwa hivyo dozi ileile inamtuliza huyu na yule bado analia. Nayo mtu huizoea. 1996 Purdue wa Marekani wakaleta OxyContin wakisema hatari ya uraibu ni ndogo. 2007 kampuni hiyo ikakiri kosa kortini.

Mmeona? Kila dawa ilikuja na ahadi tamu, na kila ahadi ikavunjika.

Lakini kunyima watu dawa pia ni kosa. Uganda walilielewa hili: tangu 2004, wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kuandikia wagonjwa mahututi morfini ya maji, na hupewa bure. Inawezekana kuitoa kwa uangalifu.

Kwa hivyo siku wewe au mamako mtalazwa, msinyamaze. Ulizeni: ni dawa gani, dozi gani, ya siku ngapi, na nani anaangalia vile napumua? Parasetamo inaweza kuongezwa ili ile kali ipungue? Mwenye kidonda ana haki ya kujibiwa. "Vumilia" si jibu.